Maswali Yenu: Baridi Unaizoea, Ila Saa Tisa Mchana Ukiwa Peke Yako Je?

Tangu dirisha la usajili lifunguliwe meseji zimejaa na karibu zote zinazunguka palepale: mchezaji akihamia nje, hali ya hewa na maisha ya mji mpya vinamfanyaje? Nimechagua saba, nyingine zinafanana. Majina nimeyaacha maana wengine bado hawajasaini na sitaki kumharibia mtu.

SWALI: Mambo vipi kaka. Nina miaka 19 nacheza winga, kuna timu ya Norway inanitaka na wanasema niende Januari. Kila mtu ananitisha na baridi, eti miguu inaganda huwezi hata kutuliza mpira. Mwili unachukua muda gani kuzoea, na nifanye nini kabla sijaenda?

JIBU: Mdogo wangu hongera sana. Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, baridi na giza.

Baridi ni suala la nguo na kupasha, basi. Mwili wa binadamu unazoea joto vizuri kuliko unavyozoea baridi, kwaiyo usisubiri damu yako ibadilike, kinachobadilika ni tabia zako. Msuli wa baridi unajikunja polepole na hauna ile nguvu ya kuchomoka, na wewe winga maisha yako yote ni zile hatua tano za kwanza, kwaiyo wenzako wakipasha dakika 20 wewe anza mapema upashe 30, na ukiwekwa benchi usikae umejikunyata kama abiria, inuka kila mara ukimbie pembeni. Nguo vaa tabaka tabaka, ya ndani kabisa iwe ile ya kubana inayopitisha jasho, sio ya pamba maana pamba inakunywa jasho inabaki imelowa na inakupoza mpaka mifupani. Glavu vaa, usione aibu, hakuna atakayekupa tuzo kwa kucheza mikono mitupu.

Alafu kuna maji, hapa wengi wanakamatwa. Kwenye baridi kiu husikii ila jasho linatoka na pumzi yenyewe inatoka na maji, ule mvuke unaouona mdomoni ndo maji yako hayo yanaondoka. Mtu anamaliza mazoezi hajanywa kitu alafu anashangaa paja linakaza. Na ukisikia kifua kinabana au kinapiga filimbi ukikimbia kwenye hewa kavu ya baridi mwambie daktari wa timu siku ileile, usifiche ukidhani wataona wewe mdhaifu, ni kitu kinachotokea kwa wachezaji wengi sana wa michezo ya baridi na kina matibabu.

Sasa giza. Hili ndo lenye kazi na ndo watu hawakwambii. Oslo ambayo iko kusini, Desemba mchana wake ni kama masaa sita tu. Ukienda juu kabisa, Tromsø, toka mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na kule kuna timu ya ligi kuu. Bodø nako, wale Bodø/Glimt waliompiga Roma 6-1 Oktoba 2021, wako juu ya mstari wa Aktiki. Unaamka giza, unaenda mazoezini kweupe kidogo, unarudi kulala giza, wiki ya tatu usingizi umevurugika, hamu ya kula imepungua na unaanza kujiuliza kwa nini una hasira na watu wasiokukosea. Sio uchawi na sio kwamba umeshuka kiwango, ni mwanga umekosekana. Toka nje kila siku ule muda mfupi ambao kweupe kupo, hata kama ni mawingu, lala na amka saa zilezile hata siku za mapumziko.

Kuna vitamini D pia. Mwili unaitengeneza kwa jua, na kaskazini kule miezi ya baridi jua liko chini mno hata likionekana halikupi kitu, na ngozi nyeusi inahitaji jua muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile. Uingereza huduma yao ya afya NHS inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku vuli na kipupwe, na wenye ngozi nyeusi wafikirie mwaka mzima. Ila wewe ni mchezaji, usinunue kidonge chochote dukani ukameza, pima damu kwanza na daktari wa timu akupe yeye, maana virutubisho vingine vinakutwa na dawa zilizokatazwa na ukipimwa ni wewe utakayefungiwa, muuzaji hatakuwepo.

Kitu kizuri ni kwamba Norway msimu wao unaanza mwezi wa tatu au wa nne, kwaiyo Januari ni maandalizi na timu nyingi zinakwenda kambi Hispania. Una miezi miwili mitatu ya kujifunza bila mtu kukudai magoli. Linganisha na Mnigeria Victor Osimhen, alitua Wolfsburg ya Ujerumani Januari 2017 ana miaka 18 katikati ya msimu, majeraha yakamwandama, baadae malaria, akaondoka hana goli hata moja la Bundesliga, ligi kuu ya kule. Mwaka uliofuata akaenda Charleroi ya Ubelgiji kwa mkopo, mji mdogo presha ndogo, akaanza kufunga, na 2023 alikuwa bingwa wa Italia na Napoli akiwa mfungaji bora kwa magoli 26. Kwaiyo usiogope mwaka wa kwanza ukiwa mbaya.

La mwisho kwako, viwanja vingi huko ni nyasi bandia. Uliza mapema ununue viatu vya nyasi bandia, vile vya njumu fupi nyingi, usiende na njumu ndefu ukaumiza goti wiki ya kwanza.

SWALI: Mimi shabiki tu. Kwa nini wale Waargentina Di María na Tevez waliichukia vile Manchester, mtu analipwa mamilioni analalamika mvua? Kweli hali ya hewa inaweza kuua kiwango cha mchezaji?

JIBU: Swali zuri mdau, na jibu langu ni kwamba mvua inasingiziwa sana. Angalia namba kwanza: Manchester kwa mwaka inapata kama milimita 800 na kitu za mvua. Douala kule Cameroon inapita 3,500. Yaani kwa wingi wa maji Manchester haioni ndani, tofauti ni kwamba ile ya Manchester haimwagiki ikaisha, inanyunyiza nyunyiza siku nyingi, mawingu hayaondoki, na Desemba jua linazama saa kumi kasoro jioni. Kinachochosha ni hiko kijivu cha kila siku.

Sasa Tevez. Alisema wazi wazi kwamba mji haupendi na mvua imemchosha, lakini huyohuyo msimu wa 2010/11 alifunga magoli 20 ya ligi akawa mfungaji bora pamoja na Berbatov, na Manchester amechukua ubingwa na timu zote mbili, United na City. Alichukia na akafunga! Alafu 2017 akaenda Shanghai kwa mshahara wa kutisha, akafunga magoli manne tu ya ligi na mwanzoni mwa 2018 akarudi Boca ya kwao Argentina. Kwaiyo mvua haikumzuia, Shanghai ndo ilimshinda, na mwenyewe baadae akasema kule alikuwa kama likizo. Mtu ambaye akili yake haipo kwenye mji hata ukimwekea jua la kila siku hatacheza.

Di María ni kesi nyingine. Alisajiliwa na Manchester United Agosti 2014 kwa pauni milioni 59.7, rekodi ya Uingereza wakati ule, akaanza vizuri kabisa mvua ikiwepo. Mapema 2015 wezi wakajaribu kuvunja nyumba yake familia ikiwa ndani. Hebu fikiria una mke na mtoto mdogo kwenye nchi ambayo lugha huijui na usiku mtu anavunja mlango wako, wewe kesho yake utapiga krosi nzuri? Akamaliza na magoli matatu ya ligi, kiangazi akaenda PSG ya Paris akakaa misimu saba. Na Paris baridi ipo jamani, mawingu yapo. Nyumba ndo ilikuwa imetulia.

Na kuna mtu ambaye nampenda sana kwenye hadithi hizi, winga Mhispania Jesús Navas. Kijana alikuwa anapata mashambulio ya hofu akitolewa mji wake wa Sevilla, hata kambi ya maandalizi ya msimu alikuwa anashindwa kumaliza, timu ya taifa akawa haendi. Klabu ikamvumilia, akasaidiwa kitaalamu, taratibu taratibu, mwishoni mwa 2009 akaanza kuichezea Hispania, 2010 akawa bingwa wa dunia, na 2013 akahamia wapi? Manchester. Akakaa misimu minne na City akachukua ligi. Mji uleule wa mvua, mtu aliyekuwa hawezi kulala nje ya nyumbani. Tofauti ni kwamba tatizo lake lilitajwa kwa jina na likafanyiwa kazi, halikufichwa kwenye mvua.

SWALI: Kaka, kwenye mpira watu wanasema Waafrika hatuwezi baridi kimaumbile, ndo maana makocha wanatutilia shaka. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Mfano mmoja unanitosha. Mkenya Michael Olunga 2016 alianza nje na Djurgården ya Stockholm, Sweden, akaenda Guizhou China, akaenda Girona Hispania na Januari 2018 akapiga hat-trick La Liga, akaenda Kashiwa Reysol Japani ambako 2019 alifunga magoli manane mechi moja na 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu kwa magoli 28 na mchezaji bora wa msimu, alafu 2021 akaenda Al-Duhail Qatar kwenye joto akaendelea kufunga. Theluji, unyevu, jangwa, mtu mmoja. Kocha anayekutilia shaka kwa sababu ya ngozi ana tatizo lake mwenyewe, wewe vaa glavu cheza.

SWALI: Nimepata timu ya ligi ya Saudia. Mimi joto nimelizaliwa nalo, kuna haja ya kujiandaa kweli?

JIBU: Ipo ndugu yangu. Joto la nyuzi 30 sio la 42, na kwenye miji ya pwani ya Ghuba kuna unyevu, jasho linatoka linakaa kwenye ngozi halikauki, na jasho lisipokauka halikupozi. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 za mazoezi kwenye joto lenyewe ndo uzoee, damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linapoteza chumvi kidogo. Kwaiyo wiki mbili za kwanza usijionyeshe, ongeza kidogo kidogo. Na jihadhari na kiyoyozi, ukishinda ndani kwenye nyuzi 20 wiki kadhaa bila mazoezi ya nje ule uzoefu unapotea unaanza upya. Joto sio utani, Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar lilihamishwa mpaka Novemba na Desemba kwa sababu hiyo. Mwingereza Jordan Henderson alitoka Liverpool Julai 2023 kwenda Al-Ettifaq ya Dammam, hukohuko Saudia, na Januari 2024 akawa ameshaondoka kwenda Ajax, na joto na unyevu vilitajwa sana kati ya sababu, pamoja na maisha ya familia.

Mechi nyingi ni usiku, kwaiyo panga usingizi wa mchana mapema, ukimaliza mechi saa tano usiku huwezi kulala saa sita.

SWALI: Bolivia La Paz kweli wageni wanafungwa kwa sababu ya hewa?

JIBU: Kwa sehemu kubwa ndio. Uwanja uko kama mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi unapata kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata pwani, na mpira wenyewe unakwenda kasi maana hewa nyepesi. Aprili 2009 Argentina ya kocha Maradona, Messi akiwa ndani, walipigwa 6-1 pale. Timu nyingine zinalala Santa Cruz chini zinapanda siku ya mechi ili zicheze kabla kichwa hakijaanza kuuma. Anayehamia kuishi ana nafuu, wiki kadhaa mwili unaongeza chembe nyekundu za damu. Wiki ya kwanza usikimbie.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16 anacheza vizuri sana. Kuna wakala anasema amempatia akademi Ulaya na anataka nitoe hela ya karatasi na tiketi. Mimi ni mama sijui mambo ya mpira, roho inakataa lakini mtoto analia kila siku. Nifanyeje?

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Roho yako isikilize.

Kanuni za FIFA kifungu cha 19 zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18. Zipo ruhusa chache, kubwa tatu ni hizi: wazazi wawe wamehamia nchi ile kwa sababu zao ambazo sio mpira, au awe na miaka 16 mpaka 18 anahama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi (EEA), au anaishi karibu kabisa na mpaka. Mwanao akitokea nje ya Ulaya wewe ukabaki nyumbani haingii kwenye hata moja kati ya hizo. Na hawatanii, Barcelona yenyewe ilifungiwa na FIFA 2014 kusajili madirisha mawili kwa sababu ya watoto. Kwaiyo wakala anayekwambia imewezekana mwambie akupe barua ya klabu, wewe ipigie klabu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe sio aliyokupa yeye, na jina lake litafute kwenye orodha ya mawakala wenye leseni iliyoko kwenye tovuti ya FIFA. Na hela usitoe. Timu inayomtaka mtoto kweli haimwombi mama yake nauli. Wapo watoto wametelekezwa kwenye miji mikubwa ya Ulaya bila pasipoti, bila namba ya simu ya mtu, kipupwe kinaingia, na hao hawajawahi hata kuona uwanja. Nakuomba mama, usitoe.

Sasa tuseme miaka miwili imepita, ana 18 na ofa ni ya kweli. Swali lako la kwanza lisiwe mshahara, liwe analala wapi na nani anamwona saa tisa mchana. Mazoezi yanaisha mchana, wenzake wanarudi kwa familia zao, yeye anarudi hotelini au kwenye chumba, hana leseni ya gari, hajui lugha, nje mvua, anabaki na simu. Hapo ndo vijana wanapotelea. Kamari inaanzia pale, marafiki wa ajabu wanaanzia pale, sio uwanjani. Messi alifika Barcelona na miaka 13 mwaka 2000, baba yake akakaa naye mama akarudi Rosario na watoto wengine, familia iligawanyika ili mtoto asiwe peke yake. Mkorea Son Heung-min alikwenda Hamburg, Ujerumani, tineja na baba yake akawa karibu naye. Kama hakuna wa kwenda naye basi iwe familia ya malezi ambayo umeongea nayo kwenye simu ukaisikia sauti, sio "tutampangia tu".

Mtoto atalia mwaka huu. Mwache amalize shule, ajifunze Kiingereza au Kifaransa vizuri, hiyo itamsaidia kule kuliko njumu yoyote.

SWALI: Mume wangu kasaini miaka miwili timu ya mji mdogo Ulaya mashariki. Tuna watoto wawili. Niende naye au nibaki? Marafiki wananiambia baridi itatuua na mji hauna kitu.

JIBU: Dada, nikuulize na mimi, umeulizwa kabla hajasaini? Kama hapana basi yaliyobaki muulizeni pamoja sasa ivi, haijachelewa. Kibali chako cha kukaa kinatoka lini, kinakuruhusu kufanya kazi? Shule ya watoto inafundisha kwa lugha gani? Nyumba ipo au mnakaa hoteli miezi mitatu? Klabu ina mtu wa kushughulikia familia au ni mkalimani wa kocha tu? Mume atakuwa na wenzake 25 na ratiba kila siku, mkalimani anaye, daktari anaye. Wewe ndo utakayekwenda hospitali na mtoto mwenye homa usiku yeye akiwa kambini. Upweke wa mke ndo unavunja mikataba mingi kuliko theluji, alafu gazetini wanaandika mchezaji ameshindwa kuzoea hali ya hewa.

Mji mdogo usiudharau. Shule iko karibu, foleni hakuna, mume anafika nyumbani saa nane, majirani wanakujua kwa mwezi mmoja. Ubaya wake ni kwamba akifungwa Jumamosi unaangaliwa wewe dukani Jumatatu, na watu wa kuongea nao lugha yako unaweza usiwapate kabisa. Wabrazili wa Shakhtar Donetsk ya Ukraine walitatua hilo kwa kuwa wengi pamoja, Fernandinho alikaa kule miaka minane kwenye theluji kabla ya Manchester na hakuna aliyemsikia akilia baridi. Wenzako wakiwepo mwaka wa kwanza wanakubeba, ila usiishi nao tu mpaka lugha ya pale isikuingie. Na uliza kama timu yenyewe inaishi inapochezea! Anzhi ya Urusi, ile ya Mcameroon Eto'o 2011, wachezaji walikuwa wanaishi na kufanya mazoezi Moscow, mechi za nyumbani wanapanda ndege kwenda Makhachkala, mji wa timu yenyewe.

Ushauri wangu: mume atangulie, nyie msihame bado. Nenda wiki mbili mwezi wa Novemba, sio Julai ambapo kila mji mzuri, nenda mwezi mbaya. Tembea kwa miguu toka nyumbani mpaka shuleni mpaka hospitali, watoto wakiwa wamevaa yale makoti, uone inachukua dakika ngapi na nani anakusalimia njiani. Kaa siku mbili nzima ambazo yeye yuko safarini na timu. Alafu uamue wewe, na ukirudi niandikie ulichokikuta.